Maelezo ya rimoti yaandikwe kwa Kiswahili

Runinga inaponunuliwa hupewa heshima zote. Huwekwa mezani pake, ikatandikiwa kitambaa cha kufumwa, na watoto wakaonywa wasiiguse. Rimoti yake haina bahati hiyo. Hukaliwa, humwagiwa chai, huangushwa sakafuni, na betri zake huazimwa kwa ajili ya tochi umeme unapopotea. Siku inapotoweka kabisa ndipo watu hutambua kwamba nusu ya runinga yao ilikuwa ikishikwa mkononi.

Jambo hili nimelishuhudia Kithyoko, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Thika kuelekea Garissa, baina ya Matuu na Mwingi, katika eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos. Katika shule moja ya huko, ambayo sitaitaja jina, kulikuwa na runinga kubwa iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi ili wanafunzi watazame vipindi vya masomo. Haikuwa na hitilafu yoyote. Kioo kilikuwa kizima, sauti safi, na umeme ulikuwapo. Hata hivyo, ilikaa stoo kwa zaidi ya muhula mmoja kwa sababu rimoti yake ilipotea. Runinga za siku hizi, tofauti na zile kongwe zilizokuwa na vifundo vya kuzungushwa, nyingi zina kitufe kimoja tu kilichofichwa chini au nyuma, na kitufe hicho hakitoshi kuihamisha runinga kutoka kwenye antena hadi kwenye king'amuzi au kompyuta.

Mwalimu aliyekabidhiwa runinga hiyo hakukaa bure. Alinunua rimoti ya jumla, ile ambayo wauzaji huiita yunivaso, akaingiza namba zilizoandikwa katika karatasi yake, na runinga ikawaka. Sauti ilipanda na kushuka. Alipobonyeza kitufe cha kuchagua king'amuzi, kimya. Akaamua kwamba rimoti hiyo ni bandia, na runinga ikarudishwa stoo. Kamati ya wazazi ikaanza kuzungumzia mchango mwingine wa kununua runinga mpya, na hayo katika eneo ambalo mvua ni haba na mzazi huuza ndengu au mbuzi ili alipe michango ya shule.

Aliyeiokoa runinga hiyo ni fundi wa redio sokoni. Aliishika rimoti ileile iliyodharauliwa, akabonyeza hapa na pale kwa dakika chache, kisha akamrudishia mwenyewe ikifanya kila kitu.

"Mwalimu, uliacha kutafuta mapema," akasema. "Namba ya kwanza ikikubali kuwasha, endelea mpaka upate inayokubali vitufe vyote."

Katika kauli hiyo fupi mna somo ambalo lilipaswa kuwa katika ile karatasi. Pengine lilikuwamo, lakini karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kilichovunjika na Kichina, kwa herufi ndogo kama mchwa. Hapo ndipo ninapolalamika.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Rimoti ya kawaida huzungumza na runinga kwa mwanga. Kichwani mwake kuna taa ndogo itoayo miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni kwa kuwa urefu wa wimbi lake, takriban nanomita 940, umepita ule wa rangi nyekundu. Kitufe kinapobonyezwa, taa hiyo humetameta kwa kasi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na mimeto hiyo hupangwa katika mafungu marefu na mafupi yanayowakilisha sifuri na moja. Mdundo huo wa kasi huisaidia runinga kutofautisha sauti ya rimoti yake, tukiruhusiwa kuiita sauti, na mwanga wa jua au wa taa za chumbani. Bahati mbaya, kila kampuni ilijichagulia lugha yake. Philips ilishika mdundo wa 36,000 kwa sekunde, Sony 40,000, na nyingine nyingi 38,000, kila moja na mpangilio wake wa sifuri na moja.

Rimoti ya jumla imehifadhi lugha nyingi za namna hiyo. Zile tarakimu tatu au nne tunazoingiza hazitumwi kwa runinga hata kidogo. Huiambia rimoti izungumze lugha ipi. Kwa kuwa kampuni moja huweza kutumia lugha kadhaa kwa runinga zake za miaka tofauti, si ajabu namba moja kuwasha na kupandisha sauti huku vitufe vingine vikikosa kujibu. Ndiyo sababu fundi wa Kithyoko hakuridhika na namba ya kwanza. Katika rimoti nyingi hushikiliwa kitufe cha kuseti mpaka taa iwake bila kuzima, kisha ama huingizwa namba ya karatasini, ama rimoti huachwa ijitafutie, ikituma lugha moja baada ya nyingine hadi runinga izime au sauti ibadilike. Hapo kitufe huachiliwa mara moja, kwani ukichelewa rimoti itakuwa imeshapita mbele. Halafu vijaribiwe vitufe vya menyu, vya mishale na cha kuchagua chanzo cha picha kabla ya mtu kusherehekea. Namba iliyofaa iandikwe kwa kalamu isiyofutika mgongoni mwa runinga, kwa maana zipo rimoti ambazo husahau kila kitu betri zinapotolewa.

Ipo aina ya pili, iliyo bora zaidi, nayo ni rimoti inayojifunza. Hii haitegemei orodha ya namba. Huwekwa uso kwa uso na rimoti asilia, umbali wa sentimita chache, mbali na jua kali. Hubonyezwa kitufe kwenye ile mpya, kisha kitufe kinachotakiwa kwenye ile ya zamani, nayo mpya huusikiliza mwanga wa mwenzake na kuunakili. Betri za rimoti zote mbili ziwe na nguvu, la sivyo mwanafunzi atanakili kigugumizi cha mwalimu wake. Kwa ving'amuzi, ambavyo mara nyingi havimo katika orodha za rimoti za bei nafuu, njia hii ndiyo ya kutegemewa. Lakini ina sharti moja lisilokwepeka: rimoti asilia lazima iwe hai. Wengi wetu huenda dukani siku ya mazishi yake. Shule yenye runinga na king'amuzi ingefanya vyema kununua rimoti inayojifunza mapema, kuifundisha vitufe vyote vya rimoti zile mbili, kisha kuzifungia hizo mbili ofisini na kuipeleka darasani hiyo moja.

Zipo nyingine za bei ya juu zinazoweza kufunga amri kadhaa katika kitufe kimoja: washa runinga, washa king'amuzi, hamia chanzo cha pili. Ni jambo la kupendeza, ila kitufe cha kuwasha ndicho hichohicho cha kuzima kwa vifaa vingi, hivyo kama runinga ilikuwa imeshawaka, amri hiyo itaizima na kuwasha king'amuzi peke yake. Mwenye rimoti ya namna hiyo aanze siku zote vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Pia zipo runinga mpya ambazo rimoti zake hutumia mawimbi ya redio badala ya mwanga kwa baadhi ya kazi, na hizo rimoti ya mwanga haiwezi kuziiga kikamilifu.

Haya si maarifa ya jana. Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, huko Marekani, alitoa rimoti ya mwanga mwaka 1955, ikasumbuliwa na jua lililobadilisha stesheni lenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaleta iliyotumia mlio usiosikika. Rimoti ya jumla ya Philips ilitangazwa mwaka 1985, na mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, akatoa yake iliyoweza kujifunza na kupangiwa amri. Sisi haja yetu imeongezeka hasa tangu mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogi, na nyumba iliyokuwa na rimoti moja ikajikuta na mbili. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeperusha masomo kwa redio na runinga. Mtoto ambaye runinga ya kwao ilikwama kwenye chanzo kisichofaa alikosa somo sawa na yule asiyekuwa na runinga.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ikapitishwa mwaka 2012. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Nikiviweka vifungu hivi viwili pamoja, sioni ni kwa hoja gani mwagizaji wa bidhaa anaweza kumuuzia mkazi wa Kithyoko kifaa chenye uwezo mwingi na kumpa maelezo yanayomwezesha kutumia vitufe vitatu. Wapo watakaosema kwamba rimoti ni kitu cha shilingi mia chache, haifai kusumbuliwa na Katiba. Nawajibu kwamba runinga ile ya shule haikuwa ya shilingi mia chache.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi hapa wasiyopaswa kuisubiria serikali. Karatasi ya rimoti ni zoezi zuri la tafsiri kuliko vifungu vingi vya vitabuni, kwa kuwa matokeo yake hupimwa papo hapo: mwanafunzi mwingine aisome tafsiri, afuate hatua zake, na runinga ikubali au ikatae. Mjadala wa istilahi nao utachangamka. Mimi natumia rimoti kwa sababu ndilo neno la sokoni. Wapo wanaopendelea kitenzambali, na sina ugomvi nao mradi msomaji ajue kinachozungumziwa. Mwalimu wa Fizikia naye asiachwe nyuma. Spektra ya sumakuumeme hufundishwa kwa michoro ubaoni, ilhali ukielekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, na kubonyeza kitufe, kwa simu nyingi utaiona taa isiyoonekana iking'aa rangi ya zambarau iliyopauka. Jaribio hilo hilo hueleza pia kama rimoti imekufa au ni runinga isiyosikia. Darasa zima litaliona bila maabara.

Kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ombi langu ni dogo. Kabla ya shehena ya rimoti kupewa kibandiko cha kuruhusiwa sokoni, mkaguzi afungue pakiti moja, atoe karatasi na kuangalia kama ina Kiswahili kinachoeleweka, hatua ya kutafuta namba nyingine iwapo ya kwanza haikutosha, na herufi ambazo mzazi wa Masinga anaweza kuzisoma kwa mwanga wa balbu ya sebuleni.