Ubaba Nyuma ya Geti: Vijana Wafungwa na Watoto Wao Mbulu na Hanang

Hukumu ya kifungo humnyima mtu uhuru wa kwenda atakako, lakini haimvui ubaba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto nchini Tanzania haki ya kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na ukoo wake, na wazazi wanapotengana, haki ya kumtembelea yule asiyeishi naye. Hakuna kifungu kinachosema haki hiyo inakomea kwenye geti la gereza. Hata hivyo, katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, kijana anayefungwa akiwa ameacha mtoto mchanga anaweza kumaliza kifungo chake bila kumtia machoni hata mara moja, na pasiwepo aliyevunja sheria yoyote.

Chanzo cha kwanza ni urefu wa adhabu zenyewe. Hizi ni wilaya za wakulima na wafugaji, Wairaqw na Wadatoga, ambako ng'ombe ni mali, ni mahari na ni heshima. Wizi wa mifugo, kosa ambalo kijana hulitenda akiwa bado anaanza maisha, umewekewa kifungo kisichopungua miaka mitano chini ya Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu ya mwaka 1972. Wakati huohuo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomruhusu mkosaji kutumikia adhabu akilala nyumbani kwake, inahusu vifungo visivyozidi miaka mitatu. Hakimu anayemwona mshtakiwa wa miaka 20 akiwa na mke na mtoto wa miezi minne hana pa kushika kati ya hiyo mitano na hiyo mitatu. Hata akipunguziwa theluthi moja kwa tabia njema, kijana huyo atatoka baada ya miaka mitatu na miezi minne. Mtoto aliyeachwa mgongoni kwa mama atamkuta anafukuza mbuzi.

Chanzo cha pili, na pengine kizito kuliko vyote, ni umbali. Yapo magereza Mbulu na Babati, lakini mwenye kifungo kirefu anaweza kuhamishiwa Kisongo mjini Arusha, Karanga mjini Moshi au Isanga mjini Dodoma. Kwa mama anayeishi kijijini Basotu au Yaeda Chini, safari hiyo ni nauli ya magari mawili au matatu, chakula cha njiani na mahali pa kulala, yote kwa ajili ya mazungumzo mafupi mbele ya askari. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa kwa jina la Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinataka mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Kumhamisha mfungwa ni uamuzi wa utawala tu, hauhitaji sheria mpya, na ndiyo maana hapa ndipo mabadiliko yangeweza kuanza mapema zaidi. Mfungwa hupokewa kwa kuandikwa jina, kosa na tarehe ya kutoka. Watoto wake nao waandikwe, na idadi yao izingatiwe kabla ya kumpakia kwenye gari la kumpeleka mbali. Simu ya mkononi haruhusiwi kuwa nayo, kwa hiyo simu ya ofisi ya ustawi wa gereza, ikipangiwa zamu, ingemfikishia mtoto sauti ya baba yake.

Chanzo cha tatu ni kukosekana kwa mtu wa kumleta mtoto. Kwa Wairaqw na Wadatoga mtoto huhesabiwa upande wa baba, na baba akifungwa, babu na baba wadogo humchukua wakamlea. Mpango huu umeokoa watoto wengi na njaa. Lakini mtoto analishwa, anavishwa, anapelekwa shule, huku picha ya baba yake ikififia, kwa sababu wakubwa huona aibu kumtaja au hudhani kumficha ndiko kumlinda. Kumwambia mtoto kwamba baba amesafiri ni kumwachia wenzake wa shuleni kazi ya kumweleza ukweli.

Hali ni ngumu zaidi kwa kijana asiyeoa. Zamani binti wa Kiiraqw aliyeshika mimba kabla ya ndoa alitengwa na jamii yake. Baadhi yao waliolewa na Wadatoga, na watoto wakawa wa ukoo wa mume. Ng'ombe na malezi vilimfanya mtu kuwa baba, damu peke yake haikutosha. Kutengwa kule kulikuwa ukatili, ila fikra iliyobaki ina nguvu: aliyefungwa kabla ya kutoa mahari hana mjumbe wa kumsemea nyumbani kwa akina binti, na mtoto hukua asijue hata jina la upande ule.

Lipo kundi ambalo mtoto mwenyewe ndiye ushahidi wa kosa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mama, tangu Novemba 2021, anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua, na hatua hiyo ni ya haki kabisa. Baba anabaki gerezani hadi mtoto awe mtu mzima. Hapa mawasiliano hayapaswi kulazimishwa. Neno la kwanza ni la mama, aliyedhulumiwa akiwa bado mtoto, na pale palipokuwa na nguvu au vitisho mlango ufungwe. Lakini mtoto akifikia umri wa kuuliza, afisa ustawi wa jamii awe na wajibu wa kumjibu na kumsikiliza anataka nini, badala ya suala zima kuachwa kwa hasira za familia mbili.

Ulezi wa kina baba wafungwa umesahauliwa hata katika mikataba. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika ibara ya 30, unawataja kina mama walio gerezani. Ilibidi Kamati ya Wataalamu ya Afrika, mwaka 2013, ifafanue kwamba ulinzi huo unawafikia pia walezi wengine wakuu. Nchini Uingereza, mapitio ya Lord Farmer ya mwaka 2017, kuhusu wafungwa na familia zao, yalinukuu takwimu kwamba uwezekano wa kurudia kosa ulikuwa chini kwa asilimia 39 kwa wafungwa waliotembelewa na jamaa. Takwimu hiyo haiwezi kuhamishiwa Hanang kama ilivyo, na anayetembelewa huenda tangu awali alikuwa na familia imara. Inatosha tu kuwaonyesha wanaohofia usalama kwamba ziara ya mtoto haipingani nao.

Kutoka gerezani kuna ugumu wake. Misamaha ya Rais huwatoa wengi kwa mara moja, kama wafungwa 5,533 wa Desemba 2019, na kijana anaweza kufika kijijini kabla familia haijajiandaa. Hanang ina jambo moja linalomsaidia. Wafugaji wa Kibarabaig, tawi la Wadatoga, waliotozwa faini na kufungwa kwa kuingiza ng'ombe katika mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyochukua takriban ekari 100,000 za malisho yao, huenda hawakuonwa na wenzao kama wahalifu, na kumbukumbu hiyo imeacha nafasi ya kumpokea mtu bila kumtupa. Aliyeiba ng'ombe wa jirani hapokelewi hivyo. Wazee hutaka kwanza fidia, naye hana kitu.

Kwa mtoto, baba anayerudi ni mgeni anayedai nafasi ambayo baba mdogo ameijaza. Kumrudisha chini ya mamlaka ya baba siku ileile ni kumtesa. Wiki za kwanza zingefaa ziwe za kutembeleana, mtoto akilala alikozoea, na afisa ustawi wa kata akijua kinachoendelea. Familia zisipoelewana, shauri huenda Mahakama ya Watoto, ambayo huweza kuagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua mtoto akae na nani na mzazi mwingine amwone lini. Taarifa hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama gereza nalo lingeandika ni barua ngapi baba alituma, na ni mara ngapi aliuliza habari za mwanawe.