Kabla Ulipe Ploti, Uliza Udongo

Leo tuongee choo. Cheka tu, ila hujawahi kuamka Aprili upate maji ya choo yamefika mlango wa jikoni.

Nilipoacha chuo nilirudi kwa mathe, Juja. Ploti ya 50 kwa 100, udongo ni black cotton. Fundi alichimba tangi la septiki na shimo la kunyonya maji, akalipwa, akaenda. Kiangazi kila kitu poa. Mvua ilipoanza, maji yakarudi juu, yakateremka hadi kisima cha jirani. Alikifunga. Mpaka leo salamu zake kwa mathe ni za kulazimishwa.

Tulimlaumu fundi. Kumbe hatukuwa tumeuliza udongo.

Iko hivi: tangi halimalizi kazi. Linashika uchafu mzito tu. Maji yanayotoka bado yana vijidudu, na kuyasafisha ni kazi ya udongo. Black cotton ikilowa inavimba, inaziba, maji yanakosa pa kwenda. Pwani ni kinyume. Kule Kisauni ama Diani, kwenye mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji yanapita mbio kabla hayajasafishwa, yanaingia visimani. Hakuna harufu, hakuna tope, kila mtu anasifu choo. Kwangu, hiyo ndiyo hatari zaidi. Sisi tulinuka, lakini angalau tulijua.

Ndiyo maana ile sheria ya "weka choo mita 30 kutoka kisimani" haitoshi peke yake. Mita 30 za udongo mzuri si sawa na mita 30 za mawe yenye nyufa.

Kupima si sayansi ya roketi. Chimba shimo pale maji yatakapoingia ardhini, jaza maji, acha lilowe usiku kucha. Kesho jaza tena, upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakikataa kushuka, shida. Yakitoweka kwa dakika chache, shida pia. Hapo tafuta mtu anayejua udongo akupangie mfumo tofauti, kabla ya saruji kuingia.

Wauza ploti wanatuonyesha hati, lami na umbali wa kufika Thika Road. Mimi nasema kaunti isipitishe ramani ya nyumba yenye septiki bila kipimo cha udongo. Kipimo ni ndoo kadhaa za maji. Sisi tunalipa eksosta kila msimu wa mvua, na jirani ananunua maji ya mtungi.

Mzazi wako akianza kuongea ploti, mtumie hii.