NANI AMECHELEWESHA KIWANDA?

Ndugu wafanyakazi, kila kiwanda cha sukari kinapofungwa kwa matengenezo ya mwaka, tunasikia amri ile ile: wote kazini usiku, tumechelewa. Sisi tunauliza, nani amechelewa?

Mwaka 1957 kampuni za Marekani, Du Pont na Remington Rand, zilianza kutunga njia ya kupanga shughuli za namna hii. Huandikwa kila kazi, siku zake, na kazi ipi inangoja ipi. Mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaoamua siku ya kumaliza.

Tuchukue mfano. Kufungua rola za kukamulia miwa, siku 3. Kuzikereza karakana, siku 9. Kuzifunga tena, siku 4. Jumla siku 16, ndipo majaribio yaanze. Upande wa boila, kusafisha siku 6 na ukaguzi siku 2, jumla siku 8. Boila ina akiba ya siku 8! Basi kuwakesha wenzetu wa boila katika vumbi na masizi hakusogezi majaribio mbele hata kwa saa moja. Kinachobana ni mashine ya kukereza, na mara nyingi iko moja tu. Fundi yeyote mzee angeyasema hayo bila karatasi, kama angeulizwa.

Tunadai mpango ubandikwe ukutani kabla kiwanda hakijafungwa, na siku zikadiriwe pamoja na mafundi, si ofisini peke yake. Na zile siku 2 za mkaguzi wa boila zisiguswe, hata usafishaji ukichelewa.