Laptopu ya Mabira isichaguliwe kwa jina la kwenye kifuniko
KUTOKA KARAGWE | Safu ya kila wiki ya Anatoli Kamugisha

Miezi ya kahawa ndiyo miezi ya kununua laptopu Mabira, Kyerwa. Robusta ikishaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi na malipo yakatoka, mzazi mwenye mtoto aliyechaguliwa kwenda Dodoma, Mzumbe au SAUT Mwanza huwa na karatasi mfukoni: ada, nauli, godoro, ndoo, pango. Mwishoni kabisa, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, pameandikwa laptopu. Vyuo vinafunguliwa Oktoba na Novemba. Zinabaki wiki chache za kuamua juu ya kitu kitakachokula magunia kadhaa ya kahawa.

Swali analokwenda nalo dukani ni lile lile, iwe Nkwenda, Omurushaka au Kayanga: kampuni gani nzuri? Huyu anataka HP. Yule anataka Dell kwa sababu mjomba wake wa Bukoba anayo tangu enzi na haijamsumbua. Mwingine ameapa kwamba hatoki dukani bila Toshiba. Mwandishi wa safu hii ameulizwa swali hilo kanisani, harusini, na hata msibani, na kwa miaka mingi amekuwa akilijibu kama lilivyoulizwa. Leo anaona lilistahili jibu jingine.

Tuanze na Toshiba. Ilikuwa jina kubwa kweli: mwaka 1985 ilitoa T1100, moja ya kompyuta za mwanzo za kupakata zilizopata soko duniani. Lakini mwaka 2018 iliuza sehemu kubwa ya biashara hiyo kwa Sharp, na mwaka 2020 ikaachia kipande kilichobaki. Zinazotoka kiwandani sasa zinaitwa Dynabook. Kwa hiyo Toshiba anayoiona mzazi dukani leo ni ya zamani, hata kama imepanguswa vumbi ikang'aa na kuwekwa kwenye boksi jipya.

Majina mengine nayo yamebadili wamiliki. ThinkPad ilizaliwa IBM mwaka 1992, lakini tangu 2005 ni mali ya Lenovo ya China. Compaq ilimezwa na HP mwaka 2002. Tena viwanda vya Taiwan kama Quanta na Compal vimekuwa vikiunda laptopu za kampuni zinazoshindana sokoni, hivyo mashine mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimetoka kwenye mikono ya mafundi wale wale. Anayesema "mimi ni mtu wa Dell" anasema jambo dogo sana kuhusu mashine aliyonayo.

Kubwa zaidi ni kwamba kampuni moja hutengeneza vitu viwili visivyofanana. HP Stream ilipoanza kuuzwa mwaka 2014 ilikuja nyepesi, yenye rangi za kupendeza, na bei iliyomvuta kila mzazi. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Celeron na hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa kwenye mazabodi. Windows peke yake inameza sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na masasisho yakija hayana pa kukaa. Fundi hawezi kuongeza kitu. HP hiyo hiyo hutengeneza EliteBook kwa ajili ya maofisi: kifuniko cha aluminiamu, RAM inayochomoka, hifadhi ya SSD inayobadilishwa baada ya kufungua skrubu chache. Dell nayo ina Latitude yake ya maofisi, Lenovo ina ThinkPad. Mnunuzi anayetaja kampuni bila kutaja ukoo wa mashine ni kama anayekwenda mnadani kununua ng'ombe akauliza tu ametoka wilaya gani.

Hizi za maofisi ndizo zinazotufikia kwa wingi zikiwa zimetumika. Mashirika ya Ulaya na Marekani huzinunua au kuzikodi kwa maelfu, kisha baada ya miaka michache huzibadilisha zote kwa mpigo. Zinazotolewa hupitia kwa wafanyabiashara wa Dubai na Uingereza, zinashuka Kariakoo, halafu zinapanda basi kuja Kagera. Wapo wanaozidharau kwa sababu ni mitumba. Safu hii haikubaliani nao: kwa fedha ile ile, EliteBook, Latitude au ThinkPad iliyotumika vizuri ni bora kuliko mashine mpya ya bei ya chini ya kampuni hizo hizo. Plastiki ya kufunika kioo na harufu ya upya haviandiki tasnifu.

Siku moja Kayanga, mama mmoja aliingia kwa fundi na laptopu ya mwanawe imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa inajizima kila baada ya dakika kumi. Kijana alishaamua kwamba imekufa, na mama alishaanza kupiga hesabu ya kuuza mbuzi. Fundi aliigeuza kifudifudi, akafungua skrubu tano, akainua kifuniko cha chini. Feni ilikuwa imevaa koti la vumbi jekundu, vumbi letu hili la barabarani, limeshikana hadi limekuwa kama kipande cha blanketi. Akalitoa kwa koleo dogo, akapitisha brashi ya kupakia rangi kwenye mapezi ya kupozea, akafuta dawa iliyokauka juu ya prosesa na kuweka nyingine, kiasi cha punje ya maharage. "Mama, hii haijaharibika," alimwambia. "Ilikuwa inakosa pumzi." Mama akaketi akaitazama ikiwaka, dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, akaanza kuikunja tena ndani ya kitenge.

Kama ingekuwa mashine iliyogundishwa kwa gundi, isiyofunguka bila kuvunjika kitu, simulizi hiyo ingeishia kwa yule mbuzi. Hapa ndipo jina la kampuni linapopata maana yake halisi kwa mtu wa Mabira: je, kibodi yake, kioo chake, chaja na betri yake vinapatikana Kayanga, Bukoba au Mwanza, au ni lazima viagizwe Dar es Salaam na kusubiri basi? HP, Dell na Lenovo zinashinda kwa sababu zimejaa. Laptopu moja iliyokufa kwa maji inakuwa ghala la vipuri la wenzake kumi. MacBook za Apple zenye chipu ya M1, zilizoanza kutoka Novemba 2020, ni mashine za hali ya juu, na betri zake zinakaa sana. Lakini RAM na hifadhi vimeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi, na ikiharibika Kyerwa itasafiri mbali kutafuta mtu wa kuigusa. Mwenye uwezo wa safari hiyo anunue. Mkulima wa kahawa asishawishiwe.

Baada ya ukoo wa mashine, kinachofuata ni kizazi cha prosesa, na hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa mchana kweupe. Muuzaji anasema "hii ni Core i7" na mnunuzi anainamisha kichwa kwa heshima. Namba ya kusoma ni ile inayofuata baada ya kistari. i7-4600U ni ya kizazi cha nne. i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Ile ya kwanza, pamoja na saba yake ya kujivunia, ina viini viwili tu vya kazi. Ya pili ina vinne. Ni sawa na kulinganisha shamba la majembe mawili na la majembe manne. Kibandiko cha i7 kinaweza kubanduliwa pale na kubandikwa hapa, kwa hiyo mnunuzi asikisome kibandiko. Afungue sehemu ya mipangilio ya mashine na aisome namba hiyo kwenye skrini kwa macho yake.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kizazi cha nane. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Maduka bado yana EliteBook 840 G3, ya kizazi cha sita, na wauzaji wanazisifu kama vile hakuna kilichobadilika. Kijana atakayeanza nayo digrii leo atafika mwaka wa tatu akiwa kwenye mashine isiyopata viraka vya usalama, huku humo humo akifungulia akaunti zake za mkopo na za benki. Anayeujua mfumo wa Ubuntu, usio wa Windows, atasema mashine hizo bado zinaweza kufanya kazi vizuri nao, na ni kweli. Lakini mtoto wa kidato cha sita anayeiona kompyuta yake ya kwanza hahitaji kuanza na mtihani huo.

Halafu umeme. Kagera kwa miaka mingi imetegemea umeme unaonunuliwa Uganda, na mradi wa Kikagati-Murongo wa megawati 14 umejengwa kwenye mto Kagera, mlangoni kabisa mwa Kyerwa. Hata hivyo, umeme hukatika, na zipo nyumba nyingi Mabira zinazoishi kwa sola. Kwa nyumba kama hizo betri ni jambo la kwanza. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani ya wati-saa 24 na nyingine ya nyuma inayochomoka, ambayo kubwa yake ni ya wati-saa 72. EliteBook 840 G5 ina 50, Latitude 7490 inafika 60. Zote tatu kwa kawaida ni za kizazi cha nane na zote zinakubali chaja ya Taipu C, kwa hiyo chaja ya gari ya wati 65 inaweza kuilisha laptopu kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12 bila inveta. Kwa mwalimu anayeandaa masomo usiku huko milimani, T480 yenye betri kubwa nyuma ndiyo chaguo la safu hii, bila kusita.

Lakini namba hizo ni za betri mpya. Iliyotumika lazima ipimwe, na kipimo chake ni bure. Mnunuzi afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue ripoti itakayotengenezwa. Kuna mstari unaoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na mwingine unaoonyesha uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na leo ina 20,000, imebaki na chini ya nusu, na bei ishuke au betri ibadilishwe pale pale.

Mtego wa mwisho ni kufuli la ofisi ya zamani. Laptopu nyingine zinauzwa zikiwa bado na neno la siri la BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, au bado zimesajiliwa kwa shirika lililozitoa. Zinawaka vizuri dukani. Siku ya kuweka Windows upya ndipo zinaomba ruhusa ya kampuni isiyojulikana iliko. Mzazi adai izimwe, iwashwe, na iingizwe kwenye BIOS mbele yake kabla hajahesabu noti. RAM isipungue GB 8, na hifadhi iwe SSD. Rangi achague mtoto.

Msimu huu safu hii ina ombi kwa wenye maduka wa Nkwenda, Omurushaka na Kayanga. Kwenye kibandiko cha bei, chini ya jina la kampuni, waandike vitu viwili: namba kamili ya prosesa na uwezo wa betri uliobaki. Wawape wateja risiti na siku saba za kurudisha. Na mzazi atakayekuta duka lisilotaka kuandika hivyo, avuke barabara aingie duka la pili.