Usiache Mbachao: Kompyuta Kuukuu na Bei Mpya ya Kumbukumbu

Wazee wetu walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako na ndio ulio chini yako. Msala mzuri unaopita njiani una mwenyewe. Methali hii imenijia mara nyingi katika miezi ya karibuni, kila nionapo kompyuta iliyotolewa uani ingojee mnunuzi wa vyuma vikuukuu, nayo haina ugonjwa ila uzee.

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025 ilipita hapa pwani kama siku nyingine. Waliokwenda Marikiti walikwenda, na waliovuka kivuko cha Likoni walivuka. Hata hivyo, siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitunza bure Windows 10, programu iliyotolewa mwaka 2015 na ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha kompyuta za majumba, maduka, madrasa na ofisi nyingi. Mashine hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi yake kama kawaida. Kilichokoma ni ule utengenezaji wa kila mwezi wa kuziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni huitumia kuingilia. Waliojiandikisha waliongezewa muda mpaka tarehe 13 Oktoba 2026.

Jawabu la kampuni lilikuwa jepesi: hamieni Windows 11. Lakini programu hiyo, iliyotoka mwaka 2021, haikubali kila mashine. Yataka prosesa ya takriban mwaka 2017 au 2018 kuja mbele, na yataka kipande maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi za kabla ya hapo hazina. Kwa maneno mengine, mamilioni ya mashine nzima ulimwenguni zilihukumiwa kwa umri wake.

Jambo la pili likaja juu ya hilo la kwanza. Mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta, zile mafundi wanazoziita RAM, ilipanda kwa kasi ambayo wengi hawakuitazamia. Aina mpya zilipita maradufu ya bei yake katika muda wa miezi michache tu. Sababu si ngumu kueleza. Sehemu kubwa kabisa ya kumbukumbu zote duniani hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Zilipotokea kampuni kubwa zinazojenga majumba ya mitambo ya akili unde, zikiwa tayari kununua kumbukumbu za aina ya juu kwa bei yoyote, viwanda viliwageukia wateja hao. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha biashara ya kuwauzia watu wa kawaida kwa jina la Crucial, jina ambalo mafundi wetu wamelizoea. Diski za kisasa nazo, kwa kuwa hutengenezwa kwa chipu za jamaa hiyo hiyo, hazikusalimika.

Basi tazama hali ya mtu wa Majengo au wa Langoni kule Lamu. Upande mmoja ameambiwa kompyuta yake imepitwa na wakati, anunue nyingine. Upande wa pili, hiyo nyingine imepanda bei. Hapo ndipo swali la mbacha na msala linapotaka jawabu.

MEZA NA SANDUKU

Kabla ya kujibu, yafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mfikirie fundi wa kushona kanzu. Ana meza ya kukatia, na ana sanduku la vitambaa. Meza ni kumbukumbu: kazi inayofanywa sasa hivi huwekwa hapo, na jioni meza hufagiliwa. Ndiyo maana stima ikikatika, barua ambayo hukuihifadhi hupotea. Sanduku ni diski: kilichomo humo hubaki usiku kucha.

Meza ikiwa ndogo, fundi hufanya nini? Hulazimika kurudisha sandukuni kitambaa kimoja ili atandaze kingine. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikiwajaa, huazima nafasi katika diski. Na kama sanduku lenyewe ni zito kufungua, kazi hukwama. Watu husema kompyuta "imechoka", kumbe ni kwenda na kurudi huku.

Diski za zamani ni sahani za chuma au kioo zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mdogo wenye kusoma. Jamaa ya diski hizi ilizaliwa mwaka 1956 kwa kampuni ya IBM. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50, ilipita uzito wa tani moja, nayo ilibeba herufi milioni 5 tu, kiasi kinachokaribia picha moja ya simu ya leo. Mkono huo unapokwenda kutafuta kitu hutumia kama sehemu ya mia ya sekunde. Yaonekana ni kidogo, lakini kompyuta inapowaka hutafuta maelfu ya vitu. Diski za kisasa, ziitwazo SSD, hazina kinachozunguka. Ni chipu tupu, na kutafuta kwake ni upesi zaidi ya mara mia. Kwa kusoma mfululizo, diski ya kuzunguka hutoa megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, na SSD ya kawaida hupita 500.

MASHINE YA MFANO

Tuchukue mfano wa Dell OptiPlex 7010, ile iliyotoka mwaka 2012, kwa kuwa baadaye jina hilo lilirudiwa kwa mashine nyingine. Ni ya kundi la zile kompyuta za ofisini ambazo wauzaji wetu huziita "ex-UK", zilizokwisha kutumikia Ulaya miaka kadhaa kabla ya kuletwa huku. Windows 11 haiikubali rasmi. Walakini ukiifungua, katika maumbo yake makubwa utakuta matundu manne ya kumbukumbu yanayopokea mpaka gigabaiti 32, na nafasi ya kufungia diski mpya bila kubadili waya hata mmoja. Walioitengeneza walitarajia kwamba itafunguliwa.

Mwenye kompyuta kama hiyo yenye gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, na fedha zake ni za kununua kitu kimoja tu, anunue nini? Wauzaji wengi watamwambia kumbukumbu. Mimi nasema diski. Meza ikiwa ndogo na sanduku likafunguka upesi, kazi bado yaenda. Meza ikiwa kubwa na sanduku likawa zito, kila asubuhi utangoja kama jana. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne au tano kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja kwa kubadilishwa diski peke yake.

Akipata fedha nyingine ndipo aongeze kumbukumbu mpaka gigabaiti 8. Hizo zatosha kwa masomo ya watoto, hesabu za duka, barua na intaneti. Mashine ya 2012 hutumia aina iitwayo DDR3, ambayo si ile inayogombewa na majumba ya akili unde, nayo hupatikana kwa mafundi kutoka mashine zilizovunjwa. Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, aina haziingiliani: pengo la DDR3 haliko mahali pa pengo la DDR4, na anayelazimisha huvunja tundu. Pili, vipande viwili vya gigabaiti 4 vilivyofanana hufanya kazi upesi zaidi kuliko kimoja cha 8. Tatu, na hili huwatia watu hasara bure, programu za aina ya zamani, zile za biti 32, haziwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukajaza matundu yote. Tazama kwanza programu yako ni ya namna gani kabla ya kutoa shilingi.

Mgala muue na haki umpe: si kila mashine inastahili gharama. Iwapo kumbukumbu imeunganishwa na bodi kwa risasi, kama zilivyo kompyuta nyingi nyembamba za kubebea, hakuna la kuongeza. Iwapo bodi imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, fedha zako zitakwenda na maji. Na hata ikifufuka vizuri, prosesa itabaki ile ile ya 2012. Tena tatizo la Windows 10 haliondoki kwa kubadili diski. Asiyeweza kuhamia Windows 11 ana njia ya programu huria za jamaa ya Linux, kama vile Linux Mint, ambazo hazina ada na hutunzwa mpaka leo. Wala si jambo geni kwa Waswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya hesabu iliyozungumza Kiswahili.

SITARA YA NYUMBA

Hata hivyo, ndugu msomaji, yote hayo ni ya chuma. Kilicho ndani ya diski kuukuu ndicho kizito.

Katika majumba yetu diski hiyo ina nini? Ina maulidi yaliyorekodiwa mwaka ambao babu alikuwa hai. Ina kanda za Juma Bhalo na Zein l'Abdin ambazo kijana mmoja alizihamisha kabla hazijaliwa na unyevu. Ina picha za hati za nyumba na za wakfu. Na ina picha za arusi, pamoja na zile za kupamba, ambako wanawake hukaa peke yao bila buibui, na mwenye simu huombwa aiweke mkobani.

Sasa mtu hupeleka mashine kwa fundi, akatiwa diski mpya, akaondoka na furaha yake. Ile ya zamani imebaki wapi? Aghalabu imebaki juu ya meza ya fundi, ikingoja kuuzwa tena. Mwenyewe atasema, "Lakini nilifuta kila kitu." Hakufuta. Kufuta kwa kawaida ni kama kung'oa jina la kitabu katika orodha. Kitabu chenyewe bado ki rafuni, na mwenye programu ya kutafutia hukitoa kwa dakika chache. Kilichofutwa kweli ni kilichoandikwa juu yake. Diski ya kuzunguka hujazwa sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho kwa programu maalumu, na mara moja yatosha. SSD yataka amri yake ya kufutia iliyowekwa na aliyeitengeneza. Asiyeweza lolote kati ya hayo na aombe diski yake mkononi arudi nayo nyumbani.

Sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, inawabana wenye ofisi, shule na zahanati. Ndani ya nyumba sheria hiyo haiingii. Humo hubaki amana, na sitara ya ndugu zako wa kike i mkononi mwako wewe mwenye kompyuta.

Tena usiibadili diski kabla ya kutoa nakala. Diski ya kuzunguka ikikaribia kufa mara nyingi huonya kwa kugonga gonga; ukisikia hivyo izime, utoe nakala kwanza. SSD huweza kufa siku moja bila neno, na ikiachwa kabatini miaka mingi bila stima, hasa katika joto kama letu, huweza kusahau. Kwa hiyo kanuni ya wenye ujuzi ni nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nyumba nyingine. Ya tatu hiyo mpe dada yako wa Malindi au ndugu aliye Maskati. Nyumba ikiungua au ikiibwa, haitaungua na haitaibwa yote.

ISRAFU

Mwaka 2024 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa hesabu kwamba taka za vyombo vya umeme duniani zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kutengenezwa upya vizuri hazikufika robo. Taka hizo zina risasi na zebaki ndani yake, na wanaozichoma kutafuta shaba ni vijana wa miji kama yetu. Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, inayomtaka mwenye kuleta bidhaa sokoni abebe dhima ya mwisho wake. Ni sheria njema, lakini mashine isiyotupwa haina haja ya sheria.

Watoto wetu hufundishwa chuoni kwamba israfu ni haramu, na kwamba hata maji ya udhu hayamwagwi ovyo. Somo hilo halikuishia kwenye birika. Kompyuta nzima ikitupwa kwa sababu kampuni moja ya ng'ambo imeamua tarehe, nayo ingeweza kumsomesha mtoto miaka mingine mitano, hiyo pia ni israfu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na safari hii kidonda kina bei.

Mwenye kompyuta kuukuu, basi, na aifungue kabla ya kuihukumu. Anunue diski, kisha kumbukumbu kwa kiasi. Na siku ya kutoa nakala amkalishe bibi karibu yake, wapitie picha moja moja, aandike nani ni nani. Diski ya gigabaiti 500 yaweza kuhifadhi sura za watu wote wa mtaa, lakini jina ambalo halikuandikwa hakuna fundi wa kulirudisha.