Majina ya Waliotoa Maneno

Tangu tovuti ndogo ya maneno ya Kinyaturu niliyoitengeneza ianze kusomwa, yako mabishano bwenini, wala si juu ya maneno yenyewe, bali juu ya ukurasa wa shukrani. Wenzangu wengine wasema ukurasa ule ni mrefu mno. Wasema mwenye tovuti ni mmoja, ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta. Mwalimu alikuwa katika kazi yake, fundi alilipwa, na wazee walikuwa wakizungumza tu. Mimi naona maneno hayo si ya haki, na yafaa nieleze kwa nini.

Nianze na hiyo kompyuta. Mtu akifungua ukurasa wowote wa intaneti aweza kutazama pia maandishi ya HTML yaliyouunda, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kupanga maneno katika safu, kwa kutazama kurasa za watu nisiowajua kabisa. Aliyeibuni njia hii ni Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, maabara kubwa ya utafiti karibu na mji wa Geneva. Alitoa shauri lake mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikaanza kusomwa na watu wa nje mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu aweza kuitumia kazi ile bila malipo. Jina la Berners-Lee twalisoma mara nyingi. Ni wangapi kati yetu waliopata kusikia habari za Robert Cailliau, Mbelgiji aliyemsaidia kuliandika upya shauri lile na kuwashawishi wakubwa? Basi hata huko hali ni ile ile.

Katika kamusi hali yaonekana zaidi. Mwaka 1994 Martin Benjamin, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianzisha kamusi ya Kiswahili katika intaneti, na watu wa nchi mbalimbali wakachangia maneno kwa kujitolea. Zamani zaidi, ile kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 yataja mwanzoni kwamba msingi wake ni kamusi ya Madan, na kwamba aliyeongoza kazi ni marehemu Frederick Johnson. Ni vema. Lakini wale waliokuwa wakiulizwa barazani, "Neno hili ninyi mwalitumiaje?", majina yao hayako pale.

Hilo ndilo sikulitaka. Mzee mmoja wa upande wa Ikungi alinipa majina ya sehemu zote za nyumba ya tembe, toka nguzo na boriti hadi udongo wa juu. Sisi tuliokulia chini ya mabati twajua kusema "nyumba" basi. Alipomaliza aliniuliza, "Na jina langu, kijana, litakaa wapi?" Mtu aliyeuliza hivyo hakuwa akizungumza tu. Tena liko jambo la kazi yenyewe: usemi wa kijiji hiki si sawa na wa kijiji kile, na msomaji akiona neno ambalo kwao hutamkwa vingine, hana budi kujua limetoka kwa nani na wapi, ili ulizo lake apate kulipeleka panapostahili.

Si kila mtu apenda kutajwa. Mama mmoja alikataa, nasi tukaandika "mama mmoja" tu, maana jina ni lake, na hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetungwa kwa ajili ya mambo kama hayo. Wengine wote waliulizwa, wakakubali.

Ama yule fundi, ni kweli alilipwa. Alilipwa kwa kutengeneza waya. Hakulipwa kwa kukaa nasi mpaka saa moja usiku akingoja aone kama mashine zitawaka zote. Wala mwalimu wetu hakuna aliyemwamuru kutufungulia chumba kila Jumamosi. Na vijana wawili wa Kidato cha Pili waliosoma madaftari yote kwa sauti, neno baada ya neno, ili nisahihishe, hao hawakupewa hata peremende.

Ukurasa hautafupishwa, na huenda ukawa mrefu zaidi. Wazazi mtakaokuja kuwachukua watoto siku ya kufunga shule, aliye na maneno ya Kinyaturu, au ya Kinyiramba, na ayaandike katika karatasi pamoja na kijiji chake, aseme pia kama aruhusu jina lake litiwe, kisha ampe mwalimu wa zamu. Majina ya sehemu za mzinga wa nyuki bado hatuna hata moja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne