Kichefuchefu cha Miezi Si Mimba, na Plasil Si Peremende



Leo tumekuja na hasira, mtuwie radhi. Tumechoka kuona mwanamke anashikwa na kichefuchefu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akila vijiko vinne vya wali ameshiba, usiku anatapika chakula cha mchana, na anachoambiwa ni "hiyo mimba hiyo". Mama ana miaka 60! Akikataa mimba, vidonda vya tumbo. Akikataa vidonda, husda.

Kumbe ana kisukari cha miaka mingi. Sukari ikikaa juu muda mrefu huumiza neva inayoliamrisha tumbo kusukuma chakula. Tumbo linakuwa goigoi, chakula kinalala humo humo. Madaktari wanaita gastroparesisi, na inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Linalotukera ni hili. Anakwenda duka la dawa, anataja kichefuchefu, anakatiwa metoklopramidi, ile tuliyoizoea kwa jina la Plasil. Dawa yenyewe hatuitukani: inalisukuma tumbo na kutuliza kichefuchefu kutoka kwenye ubongo. Kwa kuwa amepata nafuu, anarudi wiki ijayo, na nyingine, na hakuna anayemuuliza ameianza lini.

Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa hii ibandikwe onyo lake kali kabisa. Isizidi wiki 12, kwa sababu anayeendelea nayo anaweza kuanza kuchezwa na uso: ulimi unatoka wenyewe, mdomo unatafuna hewa, macho yanapepesa. Hata akiacha vidonge, huenda hali hiyo isiondoke. Walio hatarini zaidi? Wanawake, wazee na wenye kisukari. Mama zetu wana sifa zote tatu! Ulaya ilikaza zaidi mwaka 2013: siku 5 tu, na kwa maradhi sugu kama haya isitumike.

Halafu mama akianza kuchezwa na mdomo, majirani wanasema kapandwa na jini. Anasomewa, anafukizwa, na vidonge bado viko chini ya mto. Dua tunaiamini na tunaiomba. Lakini kwanza mpelekeni kwa daktari, na pakti ya dawa mkononi.

Msikimbilie kubadilisha wenyewe pia. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ondansetroni inatuliza kichefuchefu lakini chakula haikisukumi. Achaguliwe na daktari aliyejua sukari yake, moyo wake na dawa zake nyingine, na nyumbani apikiwe kidogo kidogo, laini, mafuta na tui zito tuvipunguze, hata kama wageni watanuna.

Na nyinyi wenye maduka ya dawa, wake zenu wanatusoma, tunajua. Kabla hamjashika mkasi kukata hiyo pakti, muulizeni bibi wa watu: umeitumia siku ngapi?